Nani Atasimama kwa Ajili ya Radi

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa meno ya bandia ya Baba, ambayo siku hizi huyavaa pale tu anapotaka kugombana na redio. Paka amezaa ndani ya sanduku la nguo za marehemu Mama. Baba, aliyekuwa akimfukuza paka huyo kwa fimbo, sasa anawanyamazisha wageni ili watoto wa paka walale. Uzee kweli dawa. Mimi niko kule kule juu kwenye chumba cha mashine, naunga mikanda iliyokatika na kupangusa lenzi, na jioni nashuka nikinuka mafuta.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Kamati ya ukumbi wetu wa sinema imeamua kufanya wiki nzima ya kuwaenzi waigizaji na waongozaji waliotutoka. Tutaonyesha filamu zao za zamani, mikanda yenyewe, si hizi nakala za kwenye diski zinazokwama katikati. Jambo hilo nimelipigania tangu mwaka juzi. Siku ya kwanza ni ya Tumbo, yule mchekeshaji aliyefariki juzi juzi. Siku ya mwisho, ndiyo kubwa, ni ya mwongozaji wako Mzee Kimya, na filamu iliyochaguliwa ni ile yako. Niliposikia niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bomba.

Kisha bango likaletwa. Picha yako iko katikati, umefunga kitambaa kichwani, unacheka na lile pengo lako. Chini ya picha wameandika: Marehemu Radi.

Nilifungua kinywa nimwambie Mwenyekiti wa kamati, nikakifunga. Unajua kwa nini. Mimi nimekua nikijua kuwa shangazi yangu, dada pekee wa Baba, amekufa. Baba alilisema mara moja tu, na nyumba nzima ikaufyata. Kama Mama asingenitajia anwani yako siku zake za mwisho, mpaka leo ningekuwa nakuombea rehema. Baba hajui kuwa tunaandikiana. Ndiyo maana barua zako zinakuja hapa ukumbini.

Tena ukumbi wetu una desturi yake. Siku ya kumkumbuka mtu, ndugu wa marehemu hukaa kiti cha mbele kabisa. Sura ya marehemu ikitokea kwa mara ya kwanza kwenye pazia, ndugu anasimama, na ukumbi mzima unasimama naye. Hakuna anayekaa mpaka ndugu akae. Nimeiona nikiwa juu kwenye kidirisha changu mara nyingi.

Niambie nifanye nini.

Mwanao wa chumba cha mashine


1 Machi

Kiberiti wangu,

Marahaba. Mimi marehemu sijambo. Huku kaburini tuna kazi nyingi, maana shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto wao wamerefuka. Magoti yananisumbua, macho yanahitaji taa mbili, ila ulimi ni ule ule. Barua yako imechelewa kwa sababu tarishi alimwachia jirani, na jirani akaiweka mahali pazuri mpaka akapasahau.

Nilianza kwa kucheka. Nilicheka peke yangu hapa dukani, mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Kisha hasira zikaja, na mimi nikikasirika nashona vibaya. Nimeliwekea shati moja mikono miwili ya kushoto.

Waambie walitoe neno hilo. Sikuombi, nakutuma. Waambie Radi yu hai, anakula, anadaiwa kodi na mwenye nyumba wake, na sauti iliyompa jina hilo bado inafika mwisho wa mtaa. Na huyo Mwenyekiti akitaka ushahidi, asipewe. Nilipozaliwa sikuomba kibali kwa mtu, na ili niwe hai sitaomba muhuri.

Mzee Kimya nampa heshima zote, Mungu amlaze pema. Jina lenyewe lilikuwa dhihaka: alikuwa akipiga kelele "Kimya!" mpaka mbwa wa watu wanakimbia. Alikuwa na mwiko mmoja wa kazi. Tukio la kugombana tutalirudia mpaka sauti zikauke. Tukio la kula tutalirudia mpaka chakula kianze kuchacha. Lakini kifo hakirudiwi. Tulikipiga picha siku ya mwisho, mara moja, kikitoka kimetoka, halafu tunafunga vyombo tunaondoka. "Mtu hafi mara mbili," alikuwa akisema, "kwa hiyo ufe vizuri." Nami nilikufa vizuri. Inzi alinitua puani, sikutikisika. Watu wakaona filamu, wakalia, na kwa kuwa mwezi ule ule niliondoka mjini, wajinga wakaunganisha moja na moja.

Kwangu kifo kimoja kimenitosha. Kamati yako inataka nirudie.

Sasa nijibu mambo mawili. Nani aliwaambia kuwa nimekufa? Na kwenye kile kiti cha mbele, nani atasimama kwa ajili yangu?

Shangazi yako, mzima wa afya


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na magoti. Jaribu kuyafunga kitambaa cha moto kabla ya kukaa kwenye cherehani. Sisi hatujambo. Watoto wa paka wamefumbua macho, na mmoja amejichagulia kiatu cha Baba.

Nilimwendea Mwenyekiti. Nilimwambia nina habari za uhakika kuwa Radi yu hai. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza, "Hai vipi?" Nikamwambia hai kama sisi. Akasema mabango yameshabandikwa, mgeni rasmi ameshaandikiwa hotuba, na ndani ya hotuba hiyo kuna mahali anatakiwa anyamaze kidogo kwa majonzi. Akasema kama huyo bibi yu hai kweli, alete barua ya serikali ya mtaa wake yenye picha na muhuri. Nilimwambia ulivyosema kuhusu muhuri. Hakufurahi.

Kuhusu aliyewaambia, anasema ni mtu wa kuaminika, na magazeti ya wakati ule yaliandika hivyo.

Filamu yako nimeitoa kwenye makopo. Inanuka siki, Shangazi. Mkanda ukizeeka unachacha kama maziwa, unasinyaa, na meno ya mashine hayashiki tena matundu yake. Nimeusafisha kipande kwa kipande, na kila nilipofika kwenye uso wako nilijikuta nimeacha kazi nakuangalia. Unafanana na mimi ninapokaribia kumtukana mtu. Nimeunga sehemu zilizokatika. Mkanda ukienda taratibu utapita, lakini lazima uwe mkononi mwa anayeujua.

Halafu nami nina swali. Wakati ule wote, ulijua kwamba Baba alisema umekufa?

Mwanao


2 Aprili

Kiberiti,

Salamu zako nimezipata, za kitambaa cha moto pia, asante. Sare zote zimekwisha ila za mtoto mmoja mwenye kiuno cha nyuki ambaye mama yake anasisitiza nimwachie nafasi ya kunenepa.

Nimekuuliza nani atasimama. Umenijibu habari za siki na paka. Mwanangu, mimi ni fundi cherehani, pindo lililofichwa ndilo la kwanza kuliona. Mzee Kimya ana watoto watatu wa kumsimamia. Tumbo ana mke, kama hakuwa na wawili. Mimi nina nani mji huo? Sina mume wala mtoto, na wazazi walishatangulia. Nina kaka mmoja.

Andika. Usinihurumie.

Shangazi


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za paka.

Ni Baba. Kamati ilimwendea kabla hata bango halijachapwa. Walimkuta anasikiliza taarifa ya habari, wakamwambia tunataka kumuenzi marehemu dada yako, je, utatusimamia? Akasema nitasimama. Hivyo tu. Aliyewaambia magazeti wakati ule pia ni yeye. Mwandishi alikwenda kumwuliza shuleni kwake, enzi hizo akiwa mwalimu mkuu, naye akajibu, "Ndiyo, tumempoteza." Nilijua yote haya siku nilipokuandikia mara ya kwanza habari za bango. Niliogopa kukuumiza, na zaidi niliogopa kuyaandika kwa mkono wangu.

Nilimwambia Mwenyekiti kuwa filamu hiyo siiwashi chini ya bango hilo.

"Basi tutaleta fundi mwingine," akasema.

"Mlete. Mkanda huo unapita kwa kubembelezwa. Akiukata, atakuwa ameiua filamu, na Radi atakuwa bado yu hai."

Akaniambia nina kiburi. Nikamwambia nimekirithi. Akasema nisipowasha siku hiyo, nisirudi kazini kesho yake. Kisha akapanda gari akaenda nyumbani kwetu kunishtaki.

Nilifika wameshakaa. Mwenyekiti akasema, "Mzee, binti yako anatuambia kuwa dada yako yu hai."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Baba hakugeuka. Akasema, "Binti yangu anashinda kwenye chumba chenye joto kali. Kazi inamchosha."

"Kwa hiyo utasimama?"

"Nimeshasema nitasimama. Mimi sisemi mara mbili."

Mwenyekiti alipoondoka nilimwambia, "Baba, hutaki kuniuliza nimejuaje?" Akaonja chai, akasema ina majani mengi. Aliyefundisha watu nusu ya mji huu, Shangazi, aliyemchapa kila mtoto aliyedanganya, mimi nikiwa mmojawapo, ananiambia habari za majani ya chai! Nilitaka kulimwaga lile birika. Leo ametoa koti lake jeusi, amelitundika dirishani lipigwe upepo.

Nikiwasha nakuzika, nisipowasha nafukuzwa. Nimeshaamua. Siwashi. Wanifukuze.

Mwanao


5 Mei

Kiberiti wangu,

Marahaba, na unywe maji kwanza.

Utawasha. Hilo la kufukuzwa liondoe kichwani. Ile filamu ni ya Mzee Kimya, na ya mpiga picha aliyelala chini ya mvua kuikinga kamera na koti lake, na ya Tumbo, ambaye humo ndani anapita mara moja tu amebeba kuku na watu wanacheka mpaka leo. Hao ni marehemu wa kweli. Hawana kosa. Hatuwezi kuwanyima heshima yao kwa ajili ya ugomvi wa nyumba yetu. Wasiojua kuheshimu wafu na wasiojua kuheshimu walio hai ni wale wale.

Uliniuliza kama nilijua. Nilijua. Nililisoma kwenye gazeti, nimekaa mgahawani, hata wiki haijapita tangu nije huku. Nililisoma mara mbili, nikamaliza chakula changu, nikaomba tena mchuzi. Sikulia. Miaka ile kufa kulinifaa, mwanangu. Maiti hatafutwi. Maiti haletewi mchumba. Maiti haulizwi kwa nini alijipaka wanja mbele ya wanaume wenye kamera. Nilijifunza kushona, nikafungua duka, nikawa mtu. Nikasema, kama kaka anaona kifo kina heshima kuliko sinema, abaki nacho.

Maana alinionya. Alisimama mlangoni kwa Mama akaniambia, "Ukipanda gari la wale watu wa filamu, mimi sina dada." Gari lilikuwa linaunguruma nje. Nikapanda. Yeye akatimiza neno lake, nami nikatimiza langu. Sisi wote wawili ni wana wa mama mmoja.

Lakini kunizika nyumbani lilikuwa shauri letu wawili. Kunizika mbele ya ukumbi mzima, yeye amevaa koti jeusi, watu wanampa pole, mgeni rasmi ananyamaza kidogo kwa majonzi, hapo hapana! Hapo amevuka. Pole ya nani hiyo anayoipokea? Mimi ndiye wa kupewa pole.

Na usinitafutie kamati inifute kwenye bango. Hao hata wakiandika Radi yu hai, ni maandishi yao tu. Mimi namtaka yeye. Aliyelifunga kaburi kwa kinywa chake, alifungue kwa kinywa hicho hicho, nikiwapo, nikisikia. Nina magoti mabovu na yeye hana meno. Tukichelewa, mmoja wetu atakufa kweli, na uongo huu utabaki ndio ukweli.

Nakuja. Usimwambie mtu. Kiti kilicho karibu na chake kiwekee mkoba, mtu asikikalie. Bango liache kama lilivyo. Wewe panda juu, washa mashine yako, ubembeleze mkanda.

Shangazi


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na basi halikukuweka njiani. Baba yupo. Paka yupo. Nimeshindwa kuanza na salamu ndefu, nisamehe.

Umeondoka bila kunisubiri! Niliposhuka ngazi nimebaki na kopo la mwisho mkononi, ukumbi ulikuwa mtupu, na mfagiaji akaniambia bibi mwenye kitambaa cha bluu ametoka. Mara ya kwanza maishani mwangu kukuona, na nilichokiona ni kisogo chako kutoka juu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto.

Unajua kwamba chumba cha mashine hakisikii kitu. Mashine inapiga kelele, na sikuweza kuondoka, kwa sababu mkanda wako ulikuwa unataka kidole changu juu yake karibu muda wote. Kwa hiyo nina picha bila sauti. Nieleze sauti.

Niliona taa zimezimwa. Nikaona mtu anakuja mbele kwa kupapasa, anachukua mkoba wangu kitini, anakaa. Nikaona kichwa cha Baba kinageuka, na kinabaki vile vile kimegeuka. Nikaona kama anasema neno, nawe unajibu. Kisha uso wako ukatokea kwenye pazia, mkubwa kama ukuta. Baba akasimama. Ukumbi wote ukasimama, na mgeni rasmi mbele yao. Wewe peke yako ulibaki umekaa, umeuweka mkoba wangu mapajani.

Nilingoja Baba akae. Hakukaa. Watu wakaendelea kusimama. Tukio la sokoni likaisha, wamesimama. Tumbo akapita na kuku wake, na watu wakacheka wamesimama. Nikasema leo kumeharibika. Kisha nikamwona Baba amegeukia ukumbi, ameinua mkono kama alivyokuwa akifanya shuleni kwenye mstari. Watu wakakaa ghafla, wote pamoja. Mwenyekiti akaja mbio ameinama na tochi. Baba akamwambia kitu kifupi. Tochi ikazimika.

Walionizunguka siku ya pili kila mmoja ana yake. Mmoja anasema Baba alilaani kamati. Mwingine anasema ulimzaba kofi. Mwenyekiti hanitazami usoni, lakini hajanifukuza, na asubuhi nilimkuta amepanda juu ya kiti anabandua bango mwenyewe kwa kucha. Baba ndiye hasemi kabisa. Nilimwuliza mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia chumvi imezidi. Mara ya pili aliniuliza basi la kwenda kwenu linaondokea wapi. Sasa hivi ninavyoandika yuko chumbani anatoa vitu kwenye begi na kuvirudisha.

Alikwambia nini? Nawe kwa nini ulikimbia?

Mwanao


30 Juni

Kiberiti wangu,

Marahaba. Nilifika salama. Basi liliharibika mara moja tu, tena mahali penye kivuli. Duka nimelikuta kama nilivyoliacha, na yule mama wa kiuno cha nyuki amerudisha sare anasema inapwaya.

Sikukimbia. Basi langu lilikuwa la jioni ile ile, na machozi yalikuwa yamenifika hapa, nami sikukubali Mwenyekiti ayaone. Kulia kwa kulipwa najua, nilikufanya kazini. Kule kwingine nakufanyia nyumbani. Lakini uso wako niliuona. Ulipofungua kidirisha kabla ya taa kuzimwa, nami nimejibanza mlangoni, ulikitoa kichwa chote nje kama kuku, na nikasema huyo ndiye. Una paji la uso la mama yangu. Ningepanda zile ngazi kama si magoti haya, na hilo linaniuma kuliko magoti yenyewe.

Sasa sauti.

Nilipokaa alinitazama mpaka nikadhani amepotewa na fahamu. Kisha akasema, "Umenenepa."

Miaka yote hiyo, mwanangu. Umenenepa! Nikamjibu, "Wafu hatuna kazi, tunakula na kulala."

Hakucheka. Uso wangu ukatokea, akasimama, wote wakasimama. Mimi nikakaa vizuri zaidi. Nikamwambia kwa chini, "Simama sawasawa, kaka. Unasimama kwa ajili yangu." Akawa anaangalia juu kwenye pazia, halafu chini kwangu, juu, chini. Watu nyuma wakaanza kunong'ona. Nikamwonea huruma, nikaifukuza huruma. Akainama akaniuliza, "Nikae?"

Nikamwambia, "Mimi sikukusimamisha."

Hapo ndipo alipogeuka. Sauti ile ya mwalimu mkuu bado anayo, meno au bila meno. Akasema, "Kaeni! Kaeni wote. Hakuna msiba. Huyu hapa dada yangu."

Wakakaa kama wanafunzi. Mwenyekiti akaja na tochi yake, ananong'ona, "Mzee, mbona kama kuna mkanganyiko?" Kaka akamwambia, "Hakuna mkanganyiko. Nilisema uongo. Andika hivyo kwenye bango lako."

Kisha akakaa, na sote tukatazama sinema, maana ndiyo iliyotuleta.

Kitu kimoja hukukiona kwa sababu ya giza. Kumbe ile filamu hakuwahi kuitazama. Alinizika kwa ajili yake na hakuijua hata inahusu nini! Alikuwa ananiuliza kila mara, "Huyu ni nani? Mbona anamfukuza?" nami namwambia ngoja uone. Tulipofika mwisho, nilipoanza kufa kule juu, alinikamata kifundo cha mkono. Alikibana mpaka bangili ikaniingia kwenye nyama. Nilipokata roho akasema, si kwangu, kwa pazia, "Basi. Basi, mwacheni." Hakuniachia mpaka taa zikawashwa. Wakasoma majina ya marehemu wote, Mzee Kimya, Tumbo, mpiga picha wetu, na tukasimama kwa ajili yao mimi na yeye, nikiwa nimemshika mkono kwa sababu ya magoti yangu, yeye akidhani ni kwa sababu ya yake.

Hakuniomba radhi, nami sikumsamehe. Mlangoni aliniuliza kama nina nafasi ya mgeni. Nikamwambia nina mkeka na cherehani tatu. Akasema mkeka unatosha.

Kwa hiyo hilo begi mwache alipange. Mwambie aje na suruali zake zote, nilizitazama pindo na ni aibu kwa ukoo. Wewe ukipata likizo uje nyuma yake, wewe nitakupokea kituoni na nitakupikia. Yeye sitampokea. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yangu: aliyeweza kunizika bila kuiona maiti, ataweza kuipata nyumba yangu bila kuelekezwa njia.

Shangazi yako